Mama Katsuva na Ndoo ya Jumatano

Leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mama Agathe Katsuva anastaafu baada ya kutumikia shirika letu la Jiko na Soko, hapa Bunia, kwa miaka ishirini na moja, miezi mitatu na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo si ya kukisia. Nimeifanya mara mbili, mkataba wake ukiwa mbele yangu, kwa sababu najua yeye ataifanya mara ya tatu kabla ya kukaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima.

Mimi ninayeandika ni Hippolyte wa depo. Kazi yangu ni kupokea unga, mafuta, makarai na cherehani, na kuvitoa kwa akina mama waliomaliza mafunzo. Kuandika wasifu wa mtu si kazi yangu, na shirika hili lina watu wenye diploma mbili mbili ambao wangeandika vizuri zaidi. Lakini kamati ilipouliza nani aandike, Mama Katsuva mwenyewe alitaja jina langu. Tangu siku hiyo najiuliza anataka nini. Nimekaa naye jengo moja miaka kumi na minne, na sijawahi kumsikia akitaja jina la mtu bure.

Aliomba pia asome maandishi haya kabla hayajapelekwa kupigwa chapa. Nilimkatalia. Akasema sawa, na jinsi alivyosema sawa haikunipendeza hata kidogo. Kwa hiyo anayasoma sasa hivi pamoja nanyi, kwa kidole, mstari kwa mstari, na penseli iko karibu.

Kabla ya kuja kwetu Mama Katsuva alikuwa mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa akipanda hadi soko la Ariwara, ananunua balo zima, yaani robota la vitenge, anarudi Bunia na kuuza kipande kwa kipande. Safari ya mwisho alinunua balo lililofungwa vizuri, vitenge vya juu viking'aa. Alipolifungua nyumbani alikuta vitenge sita juu, vitenge sita chini, na katikati magunia ya mbolea yaliyokunjwa kwa ustadi mkubwa. Mtaji wote ulikwisha siku hiyo. Anasema hakulia. Mimi sikuwepo, kwa hiyo naandika tu kwamba anasema hakulia.

Alianza kazi hapa Jumatatu tarehe 15 Machi 2004, akiwa mwalimu wa mafunzo ya biashara ndogo. Somo lake la kwanza halikuwahi kubadilika. Alikuwa anaingia darasani na mzigo uliofungwa kwa kitenge kizuri, anauweka mezani, anawaomba akina mama wautajie bei. Wanataja, wanapandishiana, wengine wanasimama. Kisha anaufungua, na ndani hamna kitu isipokuwa matambara ya kupigia deki. Darasa linacheka, ila kuanzia hapo hakuna anayenunua kitu bila kukifungua. Mzigo ule ulikaa depo kwangu, juu ya rafu ya tatu, na kikaratasi kilichosema usiguswe. Kila mwezi alikuja kuangalia kama fundo ni lilelile alilolifunga yeye.

Aliwafundisha pia kupanga bei. Kabla yake wengi walihesabu unga, mafuta na sukari, halafu wakasahau makala, yaani mkaa wa kupikia, wakasahau maji, na wakajisahau wao wenyewe. Mama Katsuva aliandika ubaoni kila kitu kinachoingia kwenye andazi moja, na mwisho wa orodha aliandika “mgongo wangu”. Alikataa kabisa kuendelea na somo mpaka kila mama aweke bei kwenye mgongo wake. Nimewasikia wanawake wa mitaa ya Mudzipela na Nyakasanza wakikataa punguzo sokoni kwa maneno hayohayo, na mteja akaondoka amelipa.

Mwaka 2012 alipewa kitengo cha ufuatiliaji, ambacho sote tunakiita suivi. Kwa wageni waliopo leo nieleze kidogo. Mama akimaliza mafunzo, shirika humpa msaada wa kuanzia, yaani vifaa na bidhaa za mwanzo za biashara yake. Sharti ni kwamba awe tayari anafanya biashara, hata iwe ndogo namna gani, na mtu wa suivi aione kwa macho yake. Mwaka mmoja kabla Mama Katsuva hajakishika kitengo, nakumbuka nilitoa cherehani kwa mama ambaye baadaye alikuja kuniuliza inawekwa makala upande gani.

Yeye alikomesha mambo hayo. Hakupiga simu kabla ya kwenda. Akifika nyumbani kwa mtu, kwanza alinunua kitu kwa jirani na kupiga naye gumzo kuhusu mvua. Kisha aliingia, anagusa jiko kama lina joto, ananusa mafuta, anageuza sufuria kuona masizi ni ya mwaka huu au ya juzi. Aliyesema yeye ni fundi wa kushona aliambiwa atunge uzi kwenye sindano palepale. Kuna bwana mmoja aliyejibu maswali yote kwa niaba ya mke wake, akaeleza biashara ya mandazi kwa Kifaransa kizuri sana. Mama Katsuva alimsikiliza hadi mwisho, akampa bakuli la unga, akamwambia akande. Msaada ulienda kwa mke, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akizuia kicheko.

Ofisini hatukupona. Alikaa mikutanoni akiangalia mlango. Kalamu zake zilikuwa na uzi. Akipewa chai aliuliza nani ameitia sukari. Magunia yangu ya unga aliyapima upya kila nilipoyapokea, na siku moja alikuta gunia limepungua nusu kilo, akaniangalia mimi kwanza kabla ya kuangalia panya. Sikusahau jambo hilo. Naliandika hapa kwa sababu linaeleza yatakayofuata.

Halafu kulikuwa na ile hesabu. Rejista yake ilisema akina mama waliomaliza mafunzo na kukubaliwa ni 1,711. Yangu, ya vifaa vilivyotoka depo, ilisema 1,708. Tulibishana zaidi ya miaka mitatu juu ya wanawake watatu. Nilimwambia amekosea, naye alisema hajakosea, bila kueleza. Mtu anayeeleza kila kitu akinyamaza kwenye jambo moja, mimi hapo nafungua macho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kila siku ya Jumatano, saa nane mchana, Mama Katsuva alitoka ofisini akiwa na ndoo nyeupe yenye kifuniko, na ndoo ilikuwa nyepesi. Saa kumi alirudi na ndoo hiyohiyo, nzito, imefunikwa kitambaa na kufungwa kamba. Aliiweka chini ya meza yake. Saa kumi na moja alipanda moto, yaani pikipiki, kwenda nyumbani, ndoo ikiwa mapajani. Ilianza Januari 2022 na haikukatika, si wakati wa mvua, si wiki zile ambazo barabara zilikuwa na wasiwasi na wengine wetu tulibaki majumbani.

Niliuliza mara moja ndoo ina nini. Alijibu kwamba ina vitu vyake. Nilipita karibu na meza yake nikanusa mafuta na sukari. Mandazi, basi. Na mandazi ya ndoo nzima kila wiki, kwa mtu wa suivi ambaye neno lake moja linampa mama karai au linamnyima, yanatoka wapi? Mimi nilijijibu mwenyewe. Nilisema huyu mama aliyenipima unga wangu kwa nusu kilo anachukua chake kwa akina mama maskini, mchana kweupe, ndani ya ndoo.

Mwezi wa pili mwaka huu niliandika barua kwa kamati. Sikuweka jina. Niliandika kwamba mkuu wa suivi anapokea mandazi kutoka kwa wanufaika kila Jumatano na kwamba kamati ifungue macho. Niliisukuma chini ya mlango wa mratibu wetu, Mama Mireille, nikarudi depo nikiwa na furaha ambayo leo inanitia haya.

Lakini katika shirika letu malalamiko yote, kwa mujibu wa kanuni za ndani, hupelekwa suivi kwa uchunguzi. Mama Mireille ni mtu wa kanuni. Alisoma barua, akaipiga muhuri, akaipeleka kwa mkuu wa suivi.

Siku mbili baadaye Mama Katsuva alisimama mlangoni pa depo na barua yangu mkononi. Nilijifanya nahesabu makopo. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: “Papa Hippolyte, kuko barua. Uchunguzi inaomba shahidi mumoja. Siku ya tatu tutaenda, siye wawili.” Kisha akaigeuza barua ili nione mgongo wa karatasi. Nilikuwa nimeiandika nyuma ya fomu ya kupokelea unga, na fomu hizo ziko depo tu. Alirudisha karatasi kwenye bahasha na kuondoka.

Jumatano, ndiyo siku ya tatu kwa lugha yetu ya hapa, tulikwenda. Tulipita soko dogo lililo karibu na mahali wanapoishi watu waliokimbia vita kule Djugu, tukafika kwenye mafiga matatu chini ya shiti la plastiki. Mwanamke mmoja alikuwa anakaanga. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, kichwa kimefungwa kitambaa cha njano, na hakuinuka alipotuona. Jina lake ni Chancelle. Yale ninayoandika kuanzia hapa nimeyasikia kwake na kwa Mama Katsuva, wote wawili wakiwepo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Mwaka 2021 Mama Katsuva alikuwa ameanza kushuku kwamba vifaa vinaazimwa. Alikuwa anaona cherehani zinazofanana kupita kiasi katika nyumba tofauti. Basi alibeba chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, na kila alipotembelea nyumba aliweka nukta moja kwa siri kwenye kifaa, mahali ambapo moto na mikono havifiki. Ndani ya mwezi alikamata cherehani moja iliyoonyeshwa katika nyumba nne. Kamati ilimpongeza kwa barua. Nasi ofisini tulimpigia makofi, hata mimi.

Wakati huohuo Chancelle alikuwa kiongozi wa darasa katika mafunzo. Alikimbia kijiji chake akiwa na karai moja kichwani na si kitu kingine, na hesabu zake zilikuwa za kwanza darasani. Mama Katsuva alimtembelea Jumatano, akamkuta anakaanga mandazi, wateja wamesimama. Akaridhika, akaweka nukta chini ya mkono wa kushoto wa karai. Ijumaa alimtembelea Ornella, wa darasa hilohilo, akamkuta anakaanga, akapapasa chini ya mkono wa karai: nukta ipo. Jumatatu alikwenda kwa Divine, nukta ipo tena. Aliandika kwenye faili kwamba karai ni moja na wanawake ni watatu, na kwamba ni udanganyifu. Majina yalisomwa mbele ya darasa zima, la Chancelle likiwa la kwanza kwa sababu alikuwa kiongozi. Wakaondolewa wote watatu. Kanuni zinasema anayeondolewa kwa udanganyifu harudi.

Kosa lilikuwa hapa, nami naliita kosa letu sote. Karai lilikuwa moja na biashara zilikuwa tatu za kweli. Divine alikaanga Jumatatu na Jumanne, Chancelle Jumatano na Alhamisi, Ornella Ijumaa na Jumamosi. Kila mmoja alikuwa na unga wake, wateja wake na sehemu yake ya kukaa. Fomu yetu iliuliza kifaa ni cha nani na ikaacha nafasi ya jina moja. Darasani tuliwarudia kila siku kwamba mwanamke wa biashara awe na chake mwenyewe. Kwa hiyo kila mmoja aliandika jina lake, na siku aliyotembelewa ilikuwa kweli. Hakuna aliyewauliza zaidi ya hapo.

Divine na Ornella waliendelea kukaanga. Chancelle hakuendelea. Sokoni walianza kumwita mwizi wa mradi, wakimwambia aonyeshe karai alilowaibia wazungu, na wateja wake wakahama. Akaenda kufua nguo za watu. Kilichokuwa kimepotea hapo hakikuwa unga wala mafuta, maana vya kuanzia angeweza kuvitafuta. Lilikuwa jina lake, na mama asiye na jina sokoni hauzi hata chumvi.

Miezi minne baadaye Mama Katsuva alinunua andazi kwa Ornella kwa bahati tu, siku ya Jumamosi, akaona karai lile. Alikasirika. Akafikiri wamezidisha ujanja. Alirudi Jumatatu, akarudi Jumanne, akarudi wiki mbili mfululizo ili awakamate. Aligundua kwamba karai lina moto siku nne, na siku mbili limefunikwa kifudifudi juu ya mafiga, baridi. Wanawake wawili wenye njaa ya pesa wanaacha karai limelala siku mbili kila wiki. Hilo lilimshinda kuelewa, kwa hiyo aliuliza, mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Ornella alimjibu: “Ile siku iko ya Chancelle. Hatuwezi kuikamata ikuwe yetu.”

Alikwenda kwa Chancelle siku hiyohiyo. Chancelle alikuwa anaanika nguo na hakuacha kuanika. Alimwambia: “Mama, weye ulikuya siku moja tu. Siku moja inaweza kuona nini?” Mama Katsuva alirudi moja kwa moja ofisini.

Aliandikia uongozi wa wakati ule faili lifunguliwe upya. Akajibiwa kwamba likifunguliwa moja yatafunguliwa yote. Mwaka uliofuata aliandika tena, na mwaka wa tatu pia, jibu likawa hilohilo. Lakini yeye alikuwa ameshaanza lake. Jumatano ya kwanza ya Januari 2022 alikwenda na unga ndani ya ndoo, akawasha moto kwenye yale mafiga na kukaanga mwenyewe, mbele ya soko zima, ili watu waone mtu wa suivi amekaa kwenye karai la Chancelle. Mandazi yake yalikuwa mabaya. Hilo nimelithibitisha kwa watu watatu. Yalikuwa magumu nje na mabichi ndani, na muuza samaki wa jirani alimuuliza kama ni ya kula au ya kujengea. Alirudi Jumatano ya pili na ya tatu. Ya nne, Chancelle, aliyekuwa anapita na beseni la nguo, alisimama. Kisha alitua beseni, akamwambia: “Mama, unaharibisha mafuta,” na kumnyang'anya kijiko.

Ndivyo Chancelle alivyorudi kwenye siku zake. Kukaanga alirudi, lakini kuuza hakukuwezekana, kwa kuwa soko lilikuwa bado na mdomo. Basi Mama Katsuva akawa muuzaji wake. Alibeba ndoo hadi mtaani kwake, akakaa mbele ya geti lake mwenyewe jioni, mkuu wa suivi mwenye beji, na kuwauzia majirani mandazi ya Chancelle. Kila Jumatano, miaka mitatu na zaidi. Kanuni zetu zinakataza mfanyakazi kufanya biashara yoyote na mwanamke wa mafunzo, na yeye ndiye aliyeziandika. Alikuwa anavunja kanuni yake mwenyewe kila wiki na alijua hivyo.

Nilisimama pale chini ya shiti la plastiki nikiwa sijui pa kuweka mikono. Chancelle alinipa andazi. Nililila. Lilikuwa tamu sana, na nilijisikia vibaya.

Ripoti ya uchunguzi ilikuwa na kurasa kumi na moja. Mama Katsuva alijichunguza mwenyewe na kujikuta na hatia. Alinukuu kifungu, akaandika kwamba mshitakiwa ameuza mandazi kinyume cha kanuni, akapendekeza apewe onyo la maandishi na likae kwenye faili lake hadi siku ya kustaafu. Kisha akaandika sababu ya mandazi, kuanzia nukta hadi ndoo. Akapendekeza fomu iwe na nafasi ya majina matatu, ziara ziwe tatu kwa siku tofauti, na faili la wanawake watatu lifunguliwe.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo mashaka yangu yanaponisumbua hadi leo. Barua ya mfanyakazi kwa uongozi inaweza kujibiwa au isijibiwe. Lakini ripoti ya uchunguzi lazima isomwe yote mbele ya kamati, na kila pendekezo lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Kanuni hiyo pia aliiandika yeye. Alikuwa amekosa mlango kwa miaka mitatu, na barua yangu ilikuwa mlango. Nimejiuliza ilikuwaje. Kwa miaka yote ile kitambaa cha ndoo kilifungwa kamba. Mwezi wa kwanza mwaka huu, miezi michache kabla ya kustaafu kwake, kamba ilianza kulegea, na Jumatano mbili mandazi yalionekana kabisa. Tena alipita mbele ya depo. Na mtu anayetoka ofisi ya suivi kwenda getini hana haja ya kupita mbele ya depo. Nilimuuliza. Alijibu kwamba alikuwa ananyoosha miguu.

Kamati ilikubali mapendekezo yote, na onyo pia, ambalo Mama Mireille alilitia sahihi huku akijifuta macho. Mwezi wa tano tuliwaita wanawake watatu ukumbini ili majina yasomwe upya palepale yaliposomwa. Chancelle alisimama, akasema kwa adabu kwamba hapana. “Jina yangu balichafulia mu soko, haiko hapa. Mwende kuisafisha kule.”

Tulikwenda sokoni, sote, na rejista. Ilikuwa Jumatano. Mama Katsuva alisimama kati ya meza ya samaki na ya nyanya. Ana miaka sitini na mitano na magoti yanamuuma, ila alikataa kiti. Alisema maneno machache: “Nilikuya mara moja, nikaona karai moja, nikaandika kama bamama batatu banadanganya. Ni miye njo nilikosa. Chancelle hakukosa kitu.” Yule muuza samaki ndiye aliyekuja kwanza, akanunua mandazi kumi kwa Chancelle bila kuomba punguzo, na nyuma yake watu wakapanga mstari.

Nilimkabidhi kila mmoja karai jipya kutoka kwenye rafu yangu. Chancelle alipopokea lake hakushukuru kwanza. Aligeuza karai, akapapasa chini ya mkono wa kushoto, chini ya mkono wa kulia, akachungulia kila upande akitafuta nukta. Ndipo nilipomsikia Mama Katsuva akicheka. Katika miaka kumi na minne ilikuwa mara yangu ya kwanza, na alicheka mpaka akakubali kiti.

Siku hiyo jioni niliandika majina matatu kwenye rejista ya depo. Yangu sasa inasema 1,711. Yake ilikuwa ikiwahesabu miaka yote tuliyobishana.

Mama Katsuva, umetufundisha kushuku, na tulijifunza nusu. Mimi nilijifunza kunusa ndoo. Nusu ya pili, ya kwenda, kurudi, kuuliza na kurudi tena, nimeipata mwaka huu kwa kukukosea. Barua ile niliiandika mimi. Sikuweka jina wakati ule, naliweka sasa, mbele ya wenzetu wote, na naomba unisamehe. Nadhani hiki ndicho ulichokuwa unakitaka ulipotaja jina langu mbele ya kamati. Kama nimekosea, utasahihisha kwa penseli.

Tunakushukuru kwa miaka yote hii, kwa akina mama wote wenye bei kwenye migongo yao, kwa unga uliopimwa na kwa makosa uliyoyabeba wewe mwenyewe hadi sokoni. Maisha yako ya sasa yawe mema, magoti yapumzike, na geti lako lisikose wateja.

Zawadi yako iko mezani, chini ya kitenge. Wameileta Divine, Ornella na Chancelle. Najua hutasema asante kabla ya kuigeuza, kwa hiyo igeuze. Chini ya mkono wa kushoto utakuta nukta nyekundu, ya zamani. Sasa wao wana yao, na hili ni lako, ila Chancelle ameniagiza niandike kwamba siku yako ya kukaanga ni Jumatano peke yake, na kwamba mafuta atakuja kuyaangalia yeye.

Hippolyte, wa depo